Kidichi: hamamu ya mapenzi au ya mkataba?

Na Mwandishi Wetu

Wageni husimuliwa kuwa Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu kwa sababu ya huba. Lakini ukizifuata posa zake, kuanzia Madagascar hadi Uajemi, unakuta habari ya bandari, askari na pango la ardhi.

Ukitoka Mjini Unguja kuelekea kaskazini, ukafika Bububu na kukata kulia, barabara huanza kupanda kuingia kwenye mashamba ya viungo. Karibu na kilele cha mwinuko huo, kati ya minazi na mikarafuu, pana jengo la chokaa lenye kuba kadhaa, tupu na kimya. Hiyo ndiyo hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850 kwa amri ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar.

Ndani yake mna chumba cha kuvulia nguo, birika la kuogea na mabaraza ya mawe ya kukandiwa mwili. Kutani mna nakshi za chokaa: maua, mitende na ndege tausi. Nakshi za namna hii si za kawaida katika majengo ya Waarabu wa Oman, ambao ujenzi wao wa Unguja ulijulikana zaidi kwa kuta tupu na milango ya nakshi. Hizi ni za mtindo wa Kiajemi, na zilikusudiwa macho ya mwanamke mmoja wa Kiajemi.

Hadithi wanayosimuliwa wageni ni tamu. Sultani mwenye nguvu anaoa binti wa kifalme, mzuri wa sura, kutoka nchi ya mbali. Binti anaikumbuka kwao. Bwana, kwa huba aliyonayo, anamjengea kipande cha Uajemi katikati ya mashamba yake, apate kuoga na kupumzika wakirudi kuwinda.

Hadithi hiyo haikutungwa kutoka hewani. Jengo lipo, mjenzi anajulikana, na bibi harusi alikuwapo kweli. Kinachokosa ushahidi ni hayo mapenzi. Kwa yote tuliyoachiwa kwa maandishi, ndoa hii ilikuwa ya maslahi, bibi harusi hakuitaka, ilidumu miaka michache tu, na jambo ambalo pengine ilikusudiwa kulituliza liliishia katika milio ya bunduki.

Katika lugha ya mitaani tunalo jina la ndoa isiyotakiwa: ndoa ya mkeka, ile ya kijana anayefumaniwa na kulazimishwa kuoa papo hapo. Ndoa ya Kidichi ilikuwa kinyume chake kwa kila hali. Hii ilipangwa kwa wajumbe, barua, zawadi na merikebu. Lakini zinafanana katika jambo moja: walioamua hawakuwa wote watakaoishi ndani ya ndoa hiyo.

Bwana harusi na mnyororo wa bandari

Seyyid Said alizaliwa Oman mwaka 1791 na kushika madaraka mwaka 1806, akiwa kijana wa miaka 15 hivi. Dola aliyoijenga haikuwa ya ardhi kubwa. Ilikuwa mnyororo wa bandari: Muscat upande wa Oman, kisha Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa upande wetu huu. Upande wa Uajemi alikuwa na Bandar Abbas, mji ambao watawala wa Oman waliupanga kutoka kwa Shah tangu mwisho wa karne ya 18. Kufikia mwaka 1840 makao yake makuu yalikuwa Unguja, na kisiwa kilikuwa kikijaa mikarafuu.

Mtu mwenye bandari nyingi na askari wachache hana budi kuishi kwa maelewano. Said aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Pale ambapo mkataba haukutosha, alijaribu ukwe.

Mke wake mkuu, Azza bint Seif, alitoka katika ukoo huo huo wa watawala wa Oman. Binti wa Said, Seyyida Salme, anamweleza mama huyu kuwa mdogo wa umbo na asiye na urembo wa kutajika, lakini mwenye kauli ambayo hata Sultani aliifuata. Nyumba nzima ilimwogopa. Ndoa ya namna hiyo, ya jamaa kwa jamaa, ilikuwa na kazi yake: ilifunga mikono ya ndugu ambao wangeweza kudai kiti. Hawakujaaliwa mtoto.

Posa kwa malkia mjane

Jaribio lake la ajabu zaidi lilikuwa la mwaka 1833, mwaka ule ule wa mkataba na Wamarekani. Shida yake ilikuwa Mombasa. Mji huo ulikuwa mikononi mwa ukoo wa Mazrui, ambao awali walitumwa kuusimamia kwa niaba ya Oman, kisha wakajiona huru. Mwaka 1824 walipandisha bendera ya Uingereza juu ya Fort Jesus kwa makubaliano na Kapteni Owen, na ulinzi huo ukadumu hadi mwaka 1826 tu. Said alipeleka merikebu na askari mara kadhaa, na kila mara Mombasa ilimponyoka.

Ndipo akageuza macho kusini. Katika kisiwa cha Madagascar alitawala Ranavalona wa Kwanza, mwanamke aliyekalia kiti mwaka 1828 baada ya kifo cha mumewe, Radama. Alikuwa mjane, alikuwa malkia, na zaidi ya yote alikuwa na jeshi. Said alituma wajumbe na posa, na pamoja na posa ombi la askari 2,000 wa kumsaidia kuivunja Mombasa.

Jibu lililoletwa, kama wanahistoria wanavyolisimulia, linastahili kusomwa polepole. Malkia alishukuru. Alieleza kwamba desturi za nchi yake hazimruhusu yeye kuolewa. Ila alikuwa na binti wa kifalme, kijana, ambaye Sultani angeweza kumwoa badala yake. Kuhusu askari hakukuwa na tatizo, angepewa. Na kama haidhuru, malkia angependa kuletewa mkufu wa marijani wa thamani ya dola 1,000.

Utaona kwamba katika barua hizo hapakuwa na mtu aliyezungumzia mapenzi, wala aliyejidai kuyazungumzia. Mmoja alitaka askari, mwingine alitaka marijani. Binti wa kifalme alitajwa katikati kama nyongeza ya mzani. Kama aliulizwa, hakuna aliyeona haja ya kuliandika jibu lake.

Ndoa haikufungwa, na Mombasa haikutekwa kwa jeshi la Madagascar. Iliangukia mikononi mwa Said mwaka 1837, pale ukoo wa Mazrui ulipogawanyika na baadhi ya watu wa mji kumkaribisha wenyewe. Wakubwa wa Mazrui walikamatwa na kusafirishwa mbali, hadi Bandar Abbas, na wengi wao hawakuiona tena Mombasa. Jina la bandari hiyo lishikwe, maana tutalikuta tena.

Binti asiye na jina

Miaka ya 1840 ilipokuwa ikielekea ukingoni, Said alitafuta ukwe mwingine, safari hii Uajemi. Bandar Abbas ilikuwa ya Shah, na yeye alikuwa mpangaji. Mpangaji mwenye akili humtafuta mwenye nyumba kabla ya ugomvi kuanza. Kuingia katika ukoo wa Qajar, uliotawala Uajemi, kungemfanya shemeji badala ya mgeni.

Bibi harusi aliyepatikana alikuwa mjukuu wa Fath Ali Shah, aliyetawala kuanzia mwaka 1797 hadi 1834. Mfalme huyo alisifika kwa wingi wa wake, na watoto wake walizidi mia moja. Kwa hiyo wajukuu wa kike hawakuwa haba. Kwa jamaa wa Shah, kumtoa mmoja kwa mtawala wa bandari za ng'ambo ilikuwa heshima isiyogharimu sana. Kwa Said, mtu wa miaka 50 na ushei, ilikuwa heshima kubwa. Kwa binti mwenyewe, ilikuwa kuacha kila kitu.

Tufikirie alichokiacha. Lugha yake ilikuwa Kiajemi, na alikokwenda watu walisema Kiarabu na Kiswahili. Yeye alilelewa katika madhehebu ya Shia Ithnaashari, mumewe alikuwa Ibadhi. Alitoka katika nchi ambako wanawake wa tabaka lake walipanda farasi na kuwinda, akaingia katika nyumba ambako mwanamke wa heshima hakuonekana nje mchana. Na alikuta mke mkuu aliyeogopwa, pamoja na masuria kwa makumi.

Na alikuwa nani hasa? Kwenye maelezo ya hamamu ya Kidichi huitwa Binti Irich Mirza. Hilo si jina lake. Maana yake ni binti wa Iraj Mirza, yaani jina la baba. Katika kitabu cha Salme anaitwa Schesade, na watu wengi wamelifanya kuwa Shahrazad, kama yule msimuliaji wa hadithi za usiku. Lakini tamko hilo linafanana mno na neno la Kiajemi shahzada, ambalo maana yake ni mtoto wa mfalme tu. Kumbukumbu imehifadhi jina la baba yake na cheo cha babu yake. La kwake mwenyewe halikuwa sehemu ya mkataba.

Shahidi ni mtoto wa kambo

Karibu yote tunayoyajua juu ya maisha yake Unguja yanatoka kwa Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Alikuwa mtoto mdogo mambo hayo yalipotokea. Anasimulia aliyoyasikia kwa wakubwa wa nyumba, na wakubwa hao hawakumpenda yule mgeni. Tumsome tukiwa na hadhari hiyo.

Salme anasema binti huyo alikuwa mzuri wa kupita kiasi na mtumiaji wa kupita kiasi. Alikuja na wapanda farasi 150 wa kwao, waliokaa naye, na alitoka nao kuwinda mchana kweupe, jambo lililowakera Waarabu wa Unguja. Mavazi yake ya Kiajemi yalitariziwa lulu tangu juu hadi chini. Lulu zikidondoka na kijakazi akaziokota wakati wa kufagia, bibi hakuzitaka tena.

Kisha linakuja neno zito. Kwa mujibu wa Salme, mwanamke huyo aliolewa kwa ajili ya mali na cheo, na moyo wake ulikuwa kwa mtu mwingine. Anaeleza kuwa siku moja Sultani alipandwa na hasira kiasi cha kutaka kumwua, na mtumishi mwaminifu akaushika mkono wake, akamwokoa mke na mauti na bwana na dhambi. Baada ya hapo iliyobaki ilikuwa talaka. Hawakuwa na mtoto, na binti akarudi Uajemi.

Ukimsoma Salme kwa haraka, unaona mke mkaidi na mharibifu. Ukimsoma tena, unaona pia kijana aliyepelekwa asikotaka, akaogelea katika anasa kwa kuwa ndiyo pekee aliyopewa, akang'ang'ania farasi na watu wa kwao kwa kuwa ndio waliomkumbusha yeye ni nani. Hamamu ya Kidichi nayo inasomeka hivyo. Huenda bwana aliijenga kumfurahisha. Lakini kumfurahisha mke aliyetumwa na mfalme jirani ni kazi ya siasa pia, kama vile kumpokea balozi kwa zulia zuri.

Ndoa ndoano

Wahenga walisema ndoa ndoano, na safari hii aliyenaswa alikuwa mvuvi. Kama kusudi lilikuwa kuilinda Bandar Abbas, halikutimia. Mwaka 1854 Waajemi waliwafukuza Waomani kutoka bandari hiyo. Said alikuwa ameshaondoka Unguja kurudi Oman kushughulikia mambo hayo, na mwanawe Thuwaini akaongoza vita. Amani ilipopatikana mwaka 1856, Oman ilirudishiwa Bandar Abbas kwa upangaji wa miaka maalumu tu, na kwa pango kubwa kuliko la zamani.

Salme anatia chumvi ya mwisho. Anasema ilivuma kwamba katika mapigano hayo mke wa zamani alionekana upande wa Waajemi, akiwalenga shabaha jamaa za mumewe kwa mkono wake. Huo ni uvumi, na Salme mwenyewe anausimulia kama uvumi. Hata hivyo unatuonyesha nyumba ya Said iliiona ndoa ile kuwa nini. Hawakumkumbuka kama mpenzi aliyekwenda zake. Walimkumbuka kama adui aliyewahi kulala ndani.

Said alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, ndani ya merikebu yake Victoria, akiwa njiani kurudi Unguja kutoka katika shughuli hiyo hiyo. Salme anahesabu watoto 36 waliobaki hai, wavulana 18 na wasichana 18. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa na wake wa ndoa. Majid akachukua Zanzibar, Thuwaini akachukua Oman, na mwaka 1861 Waingereza wakaamua kwamba nchi hizo mbili ni dola mbili, na Zanzibar iilipe Muscat riale 40,000 kila mwaka.

Kwa maneno mengine, ndoa zilizopangwa kwa hesabu kubwa kabisa hazikuacha mrithi, wala hazikuokoa bandari. Iliyobaki ni nyumba ya kuogea.

Wasiokuwa na mkataba

Watoto wale 36 walizaliwa na nani? Na masuria. Salme anawataja 75 waliobaki baada ya kifo cha baba yake. Walitoka Uhabeshi, Georgia, Circassia na kwingineko, na walinunuliwa. Mama yake Salme, Jilfidan, alitekwa akiwa mtoto mdogo katika vita vya kwao Circassia, baada ya wazazi wake kuuawa, akafikishwa Unguja na kulelewa katika nyumba ya Sultani.

Hili ni la kukumbukwa tunapomhurumia binti wa Uajemi. Yeye alikuwa na mahari, baba wa kumtaja, wapanda farasi 150 na njia ya kurudi kwao. Talaka kwake ilikuwa mlango. Suria hakuwa na mlango huo. Akizaa mtoto wa bwana alipata hifadhi ya sheria, asiuzwe tena, na bwana akifa anakuwa huru. Kabla ya hapo, hapakuwa na mtu wa kumtumia posa wala wa kumwuliza.

Bara nako

Mchezo huu haukuchezwa pwani peke yake. Hamed bin Muhammed, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, anaeleza katika maisha yake, aliyoyaandika kwa Kiswahili, kwamba baba yake Muhammed bin Juma alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Mfanyabiashara wa pembe aliyeoa kwa mtemi hakuwa tena mpita njia. Alikuwa mkwe, na alipata kauli katika nchi. Fundikira naye alipata jamaa mwenye bunduki, nguo na njia ya kufika Unguja.

Lakini ukwe ulileta na kesi zake. Fundikira alipofariki na ugomvi wa urithi kuzuka, Waarabu wa Tabora hawakuweza tena kusema hayawahusu. Waliingia, wakamuunga mkono Mkasiwa dhidi ya Mnywa Sele, na vita vikazifunga njia za biashara ambazo ukwe ulikusudiwa kuzifungua.

Buganda walilitazama jambo hili kwa jicho jingine. Huko mtoto wa Kabaka hufuata ukoo wa mama yake, si wa baba. Kwa hiyo hakuna ukoo mmoja wa kifalme unaoshika kiti daima, na kila ukoo ulikuwa na sababu ya kutoa binti ikuluni, maana mfalme ajaye angeweza kuzaliwa kwao. Ndoa ya Kabaka ilikuwa kamba ya kuzifunga koo pamoja. Ilikuwa ya maslahi, bila shaka, lakini maslahi yake yalikuwa na njia ya kumrudia mama: mwanawe akitawala, yeye alikuwa Namasole, mwenye ikulu yake na heshima yake.

Hapa ndipo tofauti na Kidichi inapoonekana. Binti wa Uajemi aliletwa kutuliza hali kati ya watawala wawili, lakini kwake mwenyewe hapakuwekwa lolote la kumfanya aitake ndoa hiyo idumu.

Na ile ya mapenzi?

Mtu anaweza kudhani dawa ya ndoa ya maslahi ni ndoa ya mapenzi, basi. Salme mwenyewe anatuonyesha kwamba mambo si mepesi hivyo. Alimpenda Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake Unguja. Mwaka 1866, akiwa na mimba, alitoroka kwa manowari ya Uingereza hadi Aden. Mwaka 1867 alibatizwa huko kwa jina la Emily, wakaoana, wakaenda Ujerumani. Miaka mitatu baadaye mume alifariki kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto wadogo katika nchi ya baridi.

Hata hivyo maslahi ya dola yalimfuata. Mwaka 1885, wakati Ujerumani ilipokuwa ikidai ardhi za Tanganyika, alirudishwa Unguja pamoja na manowari za Kijerumani. Yeye alitaka urithi wake na kuonana na ndugu zake. Serikali ya Bismarck ilimhitaji kama kisingizio cha kumbana Sultani Barghash, kaka yake. Barghash alipokubali madai ya Wajerumani, haja ya binti mfalme ikaisha. Ndoa aliyoifunga kwa hiari yake iligeuzwa na wengine kuwa karata.

Tofauti ni kwamba Salme aliandika. Kwa kalamu yake tunajua alichotaka, alichokosa na alichojutia. Yule wa Kidichi hakuandika, au kama aliandika hakikutufikia, ndiyo maana waongoza wageni wanaweza kumpa moyo wowote wanaoutaka.

La leo

Leo hakuna anayetuma merikebu kuposa ili apate askari 2,000. Lakini ndoa za hesabu bado zipo katika ukanda wetu, za watu wadogo kwa mambo madogo: msichana anayetolewa ili mahari yake imwoze kaka, deni linalolipwa kwa binti, ndoa ya kutafuta makaratasi ya nchi nyingine.

Sheria zetu zimesema wazi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari, na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inasema vivyo hivyo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania iliamua kuwa vifungu vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au hata 14 kwa idhini ya mahakama, vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Neno linalobeba uzito wote huo ni hiari, na ndilo lililokosekana katika barua za mwaka 1833.

Kwa nchi zinazotaka kuwa jumuiya, lipo la kujifunza pia. Watu wa Namanga, Busia, Rusumo na Kigoma wanaoana kuvuka mipaka kila siku, na undugu huo ni wa kweli kwa kuwa wameuchagua wenyewe. Lakini undugu hauwezi kupewa kazi ya mkataba. Bandar Abbas ilihitaji makubaliano yanayoeleweka juu ya pango na miaka, na yalipokuja kuandikwa mwaka 1856, yaliandikwa baada ya damu. Mpaka wenye mgogoro, kodi isiyoeleweka au njia ya biashara iliyofungwa havitibiwi kwa harusi, hata iwe kubwa namna gani.

Hamamu ya Kidichi ingali wazi kwa wageni, na inafaa kutembelewa. Tausi wake wa chokaa wangali ukutani. Mwongoza wageni akifika penye habari za huba, si vibaya mtu kumwuliza kwa upole: huyu bibi, jina lake hasa lilikuwa nani? Na baada ya talaka alikwenda wapi? Hayo mawili yanatosha kumrudisha ndani ya hadithi yake mwenyewe.